Shajara ya Mradi: Wiki 12 za Kujifunza Kutembea Upya Baada ya Kiharusi, Wilaya ya Hai

Kabla ya kuanza

Hii ni shajara ya darasa dogo la mazoezi ninaloliendesha mimi, mtaalamu wa fiziotherapia, pamoja na mhudumu mmoja wa afya ya jamii, katika ukumbi wa parokia kwenye miteremko ya Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Washiriki ni 7. Wote walipata kiharusi kati ya miezi 2 na miezi 14 iliyopita, wote wana udhaifu wa upande mmoja wa mwili, na wote wameruhusiwa na daktari kufanya mazoezi. Tutakutana mara 3 kwa wiki kwa wiki 12, yaani vipindi 36 vya dakika 90 kila kimoja.

Hesabu hiyo nimeiazima kwenye utafiti wa LEAPS uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2011, uliowafuatilia watu 408 waliopata kiharusi. Ulilinganisha njia mbili: kutembea juu ya mashine huku mgonjwa ameshikiliwa kwa mikanda inayompunguzia uzito, na mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba yanayofanyika nyumbani chini ya usimamizi wa mtaalamu. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 52 ya washiriki wote walikuwa wamepanda daraja la uwezo wa kutembea, na waliotumia mashine hawakuwazidi wale waliofanyia mazoezi majumbani mwao. Ninaliandika jambo hili mwanzoni kwa sababu karibu kila mgeni anayeingia ukumbini huuliza mashine ziko wapi. Tunavyo viti vya plastiki, kamba, ngazi moja ya mbao yenye vidaraja vitatu, chaki, saa ya kupimia sekunde na mashine ya presha, na kwa kazi tuliyokusudia vinatosha.

Kiharusi si jambo geni hapa. Hai ni mojawapo ya maeneo machache barani Afrika ambako wagonjwa wapya wa kiharusi wamewahi kuhesabiwa kwa makini katika jamii nzima, na si hospitalini peke yake. Hesabu hiyo ilifanyika kati ya mwaka 2003 na 2006, Hai na Dar es Salaam kwa pamoja. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, ilionekana kwamba katika kila watu 100,000 kwa mwaka walipatikana wagonjwa wapya 108.6 huku Hai na 315.9 kule Dar es Salaam. Wengi waliosalimika wanaishi majumbani, na huduma ya kawaida wanayoipata ni kuchuliwa kwa mafuta asubuhi na jioni. Kuchuliwa kunaburudisha na kunamwonyesha mgonjwa kwamba anapendwa, wala sitamkataza mtu. Ila ubongo haujifunzi kutembea kwa kazi ya mikono ya mtu mwingine. Seli zilizokufa hazirudi. Zilizobaki ndizo zinazojipanga upya kuibeba kazi ile, na hujipanga kwa kutumika, tena mara nyingi sana. Darasa hili limejengwa juu ya imani hiyo, na shajara hii itaonyesha kama tumeitendea haki.

Wiki ya 1: vipimo

Tulichora mstari wa mita 14 sakafuni kwa chaki. Mita 2 za mwanzo ni za kuchukua kasi, 2 za mwisho ni za kupunguza, na 10 za katikati ndizo zinazopimwa. Kipimo hiki ni rahisi, lakini kinaeleza mengi. Kwa kawaida, anayetembea chini ya mita 0.4 kwa sekunde huishia ndani ya nyumba. Aliye kati ya 0.4 na 0.8 hutoka kwa shida, anayevuka 0.8 anaweza kwenda dukani, kanisani au msikitini bila kuwachelewesha wenzake.

Mwalimu mstaafu, aliyedhoofika upande wa kulia, alitumia sekunde 31, yaani mita 0.32 kwa sekunde. Mama fundi cherehani alitumia sekunde 18, na kijana dereva wa bodaboda sekunde 14. Mkulima wa kahawa alitumia 36. Muuza ndizi alitumia 25, vidole vya mguu wa kushoto vikikwaruza sakafu kila hatua. Askari mstaafu hakupimwa siku ya kwanza, kwa sababu presha yake ilisoma 194 kwa 112, na mpaka tuliojiwekea ni 180 kwa 110. Alikuwa ameacha dawa kwa sababu alijisikia mzima. Nilimpeleka kwa daktari siku hiyo hiyo. Bibi, ambaye ni mkubwa kuliko wote, hakuweza kupimwa, kwani hutembea akishikwa na watu wawili.

Tulipima pia umbali wa kutembea kwa dakika 6. Ukumbi hautoshi njia ya mita 30 inayopendekezwa, hivyo tumeweka viti viwili vilivyoachana mita 15, na tutatumia umbali huo huo hadi mwisho, maana kugeuka kunakula muda na kubadilisha njia kungeharibu ulinganisho. Mwalimu alifika mita 84, akiwa amepumzika mara mbili.

Wiki ya 2: punje za mahindi

Wiki hii nimegundua kosa langu mwenyewe. Nilimwomba msaidizi wangu apime kwa saa ni dakika ngapi kila mshiriki yuko kwenye mwendo hasa. Katika kipindi cha dakika 90, Mwalimu alikuwa amesimama au anatembea kwa dakika 21 tu. Muda uliobaki ulikwisha katika salamu, kupima presha, kungoja zamu, kunisikiliza nikieleza, na kupumzika kuliko alivyohitaji. Idadi ya kuinuka kitini ilikuwa 12. Mtu anayejifunza kushona hashoni pindo moja kwa siku akatarajia kuwa fundi. Vivyo hivyo, kuinuka mara 12 hakuwezi kuufundisha ubongo kitu.

Tukabadilisha mpangilio. Sasa kuna vituo 6 vinavyozunguka ukumbi, na watu huenda wawili wawili, mmoja akifanya na mwingine akihesabu. Kituo cha kwanza ni kuinuka na kuketi. Cha pili ni kupanda na kushuka kidaraja. Cha tatu ni kuhamisha uzito kwenye mguu dhaifu huku mtu akiufikia ukuta kwa mkono. Cha nne ni kutembea kinyumenyume na kando kando kwa kufuata mstari. Cha tano ni kusimama kwenye vidole huku umeshika kiti, na cha sita ni mizunguko ya kutembea ukumbini. Maelezo marefu nimeyahamishia kwenye dakika za mwisho, watu wakiwa wamekaa.

Hesabu ya mizunguko ilitushinda mwanzoni, kwa sababu watu husahau, na wawili kati yao wana shida ya kushika namba tangu waugue. Mama fundi ndiye aliyeleta dawa yake: kopo tupu la maziwa ya unga na bakuli la mahindi makavu. Kila anayemaliza mzunguko wa mita 30 huchukua punje moja na kuitia koponi, kwa mkono dhaifu kama anaweza. Punje ikidondoka, huokotwa na mwenzake naye hujaribu tena. Mwisho wa kipindi tunazimwaga mezani na kuzihesabu mbele ya wote. Ijumaa Mwalimu alikuwa na punje 11, yaani mita 330, na kuinuka kitini kumefika 40.

Wiki ya 3

Dereva wa bodaboda aliniuliza kama kubeba mzigo kutaukaza zaidi mguu wake uliokakamaa. Ni hofu ya zamani, na hata kwenye fani yetu ilifundishwa kwa miaka mingi kwamba kutumia nguvu huzidisha ukakamavu. Tafiti za baadaye hazikuunga mkono hofu hiyo: misuli iliyodhoofika hupata nguvu kwa mazoezi, na ukakamavu hauongezeki kwa sababu hiyo. Tumemfungia mfuko wa mchanga wa kilo 2 kifundoni. Askari mstaafu amerudi, presha 148 kwa 90, na amepimwa: sekunde 20.

Wiki ya 4: bega la Bibi

Jumatatu Bibi alifika akilia maumivu ya bega la kushoto. Nilimwomba mjukuu wake, kijana mwema asiyekosa hata siku moja, anionyeshe anavyomwinua nyumbani. Akasimama mbele yake, akaushika mkono wa kushoto kwa mikono yake yote miwili, akauvuta. Nilimzuia kabla Bibi hajanyanyuka.

Bega linashikiliwa zaidi na misuli kuliko mifupa. Misuli ikipooza, kichwa cha mfupa wa mkono huteleza chini kutoka mahali pake, na kila mvuto huendelea kuliumiza. Nilimwambia, "Kijana wangu, Bibi hainuliwi kwa mkono. Anainuka mwenyewe, wewe unamlinda." Bibi akamtetea haraka: "Anaogopa nitaanguka, mwanangu. Usimkemee." Sikuwa ninakemea, ila nimeliandika neno lake kwa sababu limenionyesha kwamba mkono huvutwa kwa hofu, na hofu haiondoki kwa kukatazwa. Kijana alihitaji kitu kingine cha kufanya.

Kwa hiyo tulitumia kipindi kizima kwa jambo moja. Bibi anasogeza makalio hadi ukingoni mwa kiti. Anarudisha nyayo nyuma hadi visigino viwe nyuma kidogo ya magoti, mguu dhaifu ukiwa nyuma zaidi ili ulazimike kubeba uzito. Anaikutanisha mikono mbele. Kisha anainama mpaka pua ivuke vidole vya miguu, na hapo makalio huinuka yenyewe. Wengi hushindwa kwa sababu hujaribu kusimama wima moja kwa moja, wakajikuta wanarudi nyuma. Kiti tulikiinua kwa mito hadi sentimita 54. Mjukuu hukaa upande wa kushoto, kiganja kimoja juu ya goti dhaifu kulizuia lisiporomoke, kingine nyuma ya kiuno bila kusukuma. Mara ya saba Bibi alinyanyuka, akasimama, akatazama ukumbi wote kutoka juu, na mjukuu akaondoa mkono wake wa kiunoni bila kuambiwa.

Wiki ya 5

Mama fundi ameanguka usiku wa Jumanne akienda chooni, gizani, akiwa amevaa kandambili. Hakuvunjika mfupa, amechubuka kiwiko. Nimejisikia vibaya, kwa sababu mwendo wake ulikuwa umeongezeka na mimi sikuwa nimefundisha kuanguka. Katika LEAPS zaidi ya nusu ya washiriki walianguka angalau mara moja, kwa hiyo anayeongeza kutembea bila kujiandaa kwa kuanguka anajidanganya.

Alhamisi ilikuwa siku ya sakafu. Tulitandika mikeka, na kila mmoja alijifunza kulalia upande mzima, kujiinua kwa kiwiko, kupiga magoti mbele ya kiti, kuweka mguu mzima mbele, na kusimama. Tumekubaliana pia na familia zote: taa au tochi karibu na kitanda, viatu vyenye mkanda wa kisigino, ndoo na vigoda viondolewe njiani. Mama fundi amesema ataendelea kuja, ila sasa anaogopa kugeuka. Kugeuka ndiko tutakakozidisha kwake.

Wiki ya 6: vipimo vya katikati

Mwalimu: sekunde 23, yaani mita 0.43 kwa sekunde. Ametoka kwenye kundi la watembeao ndani ya nyumba. Mama fundi 15, dereva 11, askari 17. Muuza ndizi amebaki 24, maana nguvu za paja zimeongezeka lakini unyayo haunyanyuki, na hulazimika kuuzungusha mguu nje kama anayefyeka majani. Mazoezi peke yake hayatamtosha. Nimempa barua ya kwenda Moshi, mji ambao tangu mwaka 1981 una chuo cha TATCOT kinachofundisha watengenezaji wa viungo bandia na vifaa tegemezi, ili apimwe kifaa cha plastiki cha kushikilia kifundo.

Mkulima wa kahawa bado yuko sekunde 36. Hufanya kila anachoambiwa, hazungumzi, na punje zake ni chache. Nimekaa naye nje kwenye benchi kwa nusu saa. Hapati usingizi usiku, hakuna kitu kinachomfurahisha, na amesema hajui anatembea aende wapi. Takriban theluthi moja ya waliopata kiharusi hupatwa na sonona, na mtu mwenye sonona hapungukiwi na bidii. Ni mgonjwa wa jambo la pili linalohitaji tiba yake. Nilipaswa kumuuliza wiki ya kwanza. Ameenda kwa daktari akiwa na mkewe.

Wiki ya 7: kazi ya familia

Ndugu wengi wameniuliza kwa nini nisiwafundishe wao mazoezi yote kisha darasa liishe, kwani nauli ni mzigo. Ni swali la haki, na limewahi kupimwa. Nchini India, utafiti wa ATTEND uliochapishwa mwaka 2017 uliwahusisha wagonjwa 1,250 katika hospitali 14. Familia zilifundishwa kuwafanyisha wagonjwa wao mazoezi nyumbani, na baada ya miezi 6 vifo na utegemezi havikupungua kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida.

Sisomi hapo kwamba familia haina kazi. Ninachosoma ni kwamba ndugu akiachiwa peke yake hufanya kile anachokimudu, na zoezi hubaki pale pale lilipoanzia, wakati ugumu unatakiwa kupanda kila wiki na mtu anayejua lini upande. Basi tumegawana kazi hivi: mimi naamua zoezi gani na gumu kiasi gani; nyumbani wanahesabu, wanalinda, na wanaacha kumfanyia mgonjwa yale anayoweza mwenyewe. Kila mmoja amepewa kopo lake la mahindi, na huletwa Jumatatu.

Wiki ya 8: mfereji

Njia ya kutoka kwa Mwalimu hadi barabara ya lami inapita kati ya migomba, inateremka, na inakatwa na mfereji wa maji ya kumwagilia. Nilikwenda kuupima kwa futi: upana sentimita 45, kingo za udongo, ubao uliokuwa daraja umeoza. Tangu augue Mwalimu hajawahi kuuvuka kwa miguu yake. Hubebwa na vijana wawili kwenda kanisani, naye ni mtu aliyefundisha nusu ya wazazi wa eneo hili.

Ukumbini tumelaza kamba mbili sambamba. Jumatatu zilikuwa sentimita 20, Jumatano 30, Ijumaa 35. Kuvuka kunahitaji mambo ambayo kutembea sakafuni hakuyadai: kusimama kwa mguu mmoja muda wa kutosha, kukunja goti juu zaidi, kutua bila goti kurudi nyuma. Mwalimu hutanguliza mguu mzima, kisha mguu dhaifu unapokuja nyuma vidole hugusa kamba. Amevuka mara 64 kwa siku tatu, akagusa mara 29. Kila alipogusa alisema "rudia" kwa sauti ile ile ya darasani.

Mteremko nao tumeufanyia kazi kwenye kidaraja: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, mguu dhaifu hutangulia, na fimbo hubaki mkono wa upande mzima. Kushuka polepole ndiko kunakojenga paja.

Wiki ya 9

Mvua za masika. Njia zinateleza, na waliofika ni 3, siku moja 2. Nimetembelea nyumba 4 kwa miguu.

Wiki ya 10

Muuza ndizi amerudi na kifaa chake. Alipokivaa mara ya kwanza ukumbini mkwaruzo ulinyamaza, na sote tuliusikia ule ukimya. Mita 10 kwa sekunde 18, siku hiyo hiyo. Amenunua viatu vikubwa kwa namba moja ili kifaa kiingie, na binti yake ameelekezwa kukagua ngozi kila jioni: wekundu ambao haujatoweka dakika 20 baada ya kukivua ni ishara ya kurudi kwa fundi. Mkulima wa kahawa ameanza dawa na amekuja vipindi vyote vitatu. Bibi ameinuka mara 35 kwenye kiti cha sentimita 46.

Wiki ya 11

Kamba zimefika sentimita 50. Ijumaa Mwalimu amevuka mara 30, amegusa mara 2. Nimemwomba mwanawe aweke ubao mpya mfereji huo hata hivyo, na nguzo ya kushikia, kwa ajili ya siku za matope.

Wiki ya 12: vipimo vya mwisho

Mwalimu sekunde 17, yaani mita 0.59 kwa sekunde, ameongeza 0.27. Ongezeko la 0.16 ndilo linalochukuliwa kuwa la maana katika maisha ya mtu baada ya kiharusi, hivyo sioni shaka juu yake. Dakika 6: mita 171, bila kupumzika. Mama fundi sekunde 12.5, sawa na 0.8, na anageuka pande zote mbili. Dereva 9. Askari 16, na hajaacha dawa tena. Muuza ndizi 16 akiwa na kifaa. Mkulima wa kahawa 33: kwa kipimo hicho hajabadilika, nami naandika hivyo hivyo. Atapata wiki 12 nyingine, kwa sababu tiba ya sonona imeanza majuzi tu na nadhani vipindi vyake vya kwanza vilipotea kwa kosa langu. Bibi ametembea mita 10 kwa mkongojo, kwa sekunde 52, mjukuu akiwa hatua moja nyuma na mikono yake mfukoni.

Jumamosi nilikwenda kwa Mwalimu. Ubao ulikuwa umewekwa, lakini hakuutaka. Alisimama ukingoni mwa mfereji, akaweka fimbo ng'ambo, akatanguliza mguu wa kushoto, na wa kulia ukafuata bila kugusa maji. Mwanawe alikuwa amenyoosha mikono yote miwili, akaishusha taratibu. Kutoka hapo hadi lami ni mita 140. Alitumia dakika 6 na nusu, akasimama mara moja kupokea shikamoo za wanafunzi wake wa zamani waliokuwa wanatoka sokoni. Nitampima tena baada ya miezi 3 na baada ya miezi 6. Kopo limebaki kwake, na tumekubaliana punje 20 kwa siku.